Barua Kumi na Tisa za Ipogolo

Sajini Batuli alizipanga barua mezani, sita, sita, sita, na moja ikabaki peke yake. Zote kumi na tisa zilikuwa na muhuri mmoja wa kanisa, uliogongwa upande kidogo, na mwandiko mmoja wa kizamani, herufi zimelala kulia kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Zote zilisema neno lile lile. Kwamba kanisa letu halimruhusu muumini wake kuchanjwa. Kwamba aliyetajwa humu asilazimishwe, bali aachwe aendelee na kazi yake kwa amani ya Bwana.

Shida ilikuwa kwa hao waliotajwa. Barua ya nne ilikuwa ya Bushiri, mkaanga chipsi, nayo ilimwita muumini wetu aliyebatizwa kwa maji mengi. Bushiri alikuja kituoni na kofia yake ya kufuma kichwani, akaketi kwa adabu.

"Ulibatizwa lini, kaka Bushiri?"

Bushiri aliangalia dari. "Afande, mimi nilikuwa Mkristo wa saa sita mpaka saa nane. Chakula kikishaliwa narudi kwetu."

Askari wa zamu alicheka mpaka akatoka nje. Batuli hakucheka. Alikuwa ameshafika kule Ipogolo, chini ya mlima, mahali kampuni ya barabara ilipoweka kambi yake, na alikuwa ameyaona mafiga. Wapishi ishirini na sita walikuwa wakiwalisha vibarua wa kambi ile. Mwezi wa kwanza, ule mwaka UVIKO ilipokuwa bado inazika watu, kampuni ikabandika tangazo getini: asiye na kadi ya chanjo haingizi chakula. Chini yake, kwa maandishi madogo, wakaongeza kwamba ataachwa yule mwenye barua ya kiongozi wa dini yake. Wapishi saba walileta kadi. Kumi na tisa walileta barua. Mwezi wa tatu karani mmoja wa kambi akaziweka barua zile pamoja, akaona ni mkono wa mtu mmoja. Geti likafungwa kwa wote kumi na tisa siku hiyo hiyo. Sasa mafiga yalikuwa yamepoa, na sufuria zimefunikwa kifudifudi kama nyumba yenye msiba.

Batuli alimwuliza Bushiri kwa nini hakwenda kuchanjwa kama wale saba. Bushiri alisema alikwenda. Alipanga foleni tangu asubuhi, dawa ikaisha zikiwa zimebaki kama shingo tano mbele yake, akaambiwa arudi wiki ijayo. Na geti lilikuwa linafungwa kesho yake, naye ndoo nne za viazi ameshamenya.

"Sindano inasubiri, afande," alisema. "Kiazi kilichomenywa hakisubiri."

Wengine kati ya wale kumi na tisa waliogopa kweli, maana maneno yalikuwa mengi mwaka ule, kila mtu na daktari wake wa kwenye simu. Lakini kuhusu barua, wote walimtaja mtu mmoja. Iqbal wa fotokopi, Mlandege.

Kabla ya kumwendea Iqbal, Batuli alizigeuza barua zote uso chini, akapitisha kidole mgongoni mwa kila karatasi, taratibu, kama anayepima unga kama umesagika. Kumi na nane zilikuwa laini. Moja ilikuwa na matuta ya kalamu. Akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Wino wa bluu, wa kweli. Zile nyingine, penye jina, zilikuwa na kivuli chembamba cha kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya jina la zamani. Hii haikuwa na kivuli. Majina yake yalikuwa mawili: Esnath, na mdogo wake Pendo.

Iqbal alikuwa jirani wa kina Batuli tangu utotoni, na alianza kwa kumsimanga. Alisema dada Batuli amevaa cheo, amesahau nani alikuwa akimjalidia madaftari yake kwa magazeti. Batuli akamjibu kwamba hajasahau, na akamwonyesha kivuli cha karatasi. Iqbal aliinama akakitazama, kisha akazima mashine yake mwenyewe bila kuambiwa. Alisema yule binti, Pendo, alileta barua atolewe nakala moja tu abaki nayo, ile ya wino amwachie mlinzi wa getini. Yeye Iqbal akatoa mbili. Moja akabaki nayo. Ule ubatizo wa maji mengi aliuongeza mwenyewe, kunogesha.

"Na hii ya kwanza nani aliiandika?"

"Hiyo ilikuja hivyo hivyo, wallahi. Barua imenyooka. Ukiisoma unajisikia kama umesimama madhabahuni."

Basi zile kumi na nane zikawa zimepata mwenyewe. Ikabaki moja, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa imemweka Pendo mahabusu siku ya pili.

Mkuu wa upelelezi, afande Gideoni, hakuona kilichobaki. Alikuwa ameshampigia simu mchungaji wa kanisa lile upande wa Iringa, na mchungaji alishangaa sana. Alisema kanisa lao halijawahi kukataza chanjo. Kule mlimani Mbeya, kwenye kanisa mama, wauguzi walikuja wakachanja watu uani pa kanisa lenyewe, Jumapili baada ya ibada. Kwa hiyo, alisema Gideoni, barua mama nayo ni ya uongo, muhuri umeibwa au umechongwa, na aliyeileta ni Pendo. Jumatatu anakwenda mahakamani kwa kughushi.

Batuli alikuwa amemwandikisha Pendo ukurasa mzima. Binti aliandika kama kuku anayetafuta punje, neno "muumini" akaliweka u moja tu. Gideoni alisema kwani hawezi kumwandikisha mtu mwingine.

"Nipe Jumamosi, afande," alisema Batuli. "Niende kwa baba yake."

"Simu yake umepiga?"

"Haipatikani tangu mazishi."

Mazishi yalikuwa ya Esnath. Ndiye aliyekuwa mwenye kibanda, na Pendo alikuwa msaidizi wake wa kuosha vyombo. Esnath alianza kukohoa katikati ya mwezi wa pili, na siku ya tisa akafa. Kwenye cheti waliandika changamoto ya upumuaji. Akapelekwa kuzikwa kwao, na Pendo akarudi Ipogolo kuwasha moto, kwa sababu kulikuwa na watoto wawili wa marehemu wa kulishwa, na hapakuwa na mtu mwingine.

Pendo alikuwa amesimulia yote hayo bila kulia. Alisema dada yake hakuwa mwoga wa sindano. Alikuwa ameshaandikisha jina zahanati, aende Jumanne. Ila alimwuliza baba kwanza, kwa sababu baba ni katibu wa kanisa na wao hawafanyi jambo bila yeye. Jumatatu barua ikafika kwa mkono wa kondakta wa basi.

"Aliisoma amesimama, mwiko mkononi," Pendo alisema. "Akaniambia, baba amekataa. Akarudi kukoroga maharage. Basi."

Jumamosi saa nane mchana Batuli alikuwa ameshajisajili kituo cha Mbeya, na bodaboda ilikuwa imemfikisha juu ya Uyole, ambako ukungu hukaa mpaka watu wanaumwa magoti. Nyumba ya Mzee Andendekisye ilikuwa ya tofali za kuchoma, mbele yake shamba la pareto, na pembeni kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujashuka. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachagua viazi vya mbegu, vyenye macho mengi upande huu, vya kula upande ule.

"Ugonile, mwanangu," alisema. Alimwona ni mgeni, akahamia Kiswahili. "Karibu. Pole na baridi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Batuli alijitambulisha. Alimpa pole ya msiba, akasubiri, kisha akamwambia kwamba Pendo yuko mikononi mwa polisi Iringa. Mzee aliweka kiazi chini. Aliuliza kama amepigwa. Akaambiwa hapana. Aliuliza kama amekula, akaambiwa amekula, na watoto wa marehemu wako kwa mama mmoja jirani. Ndipo akauliza kosa.

Batuli alitoa barua, ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, akamwekea mapajani. "Wanasema kaighushi hii."

Mzee aliivuta karibu na macho, akaisoma yote bila kuharakisha, midomo ikicheza.

"Huu ni mkono wangu," alisema. "Na muhuri ni huu wa kwangu, nakaa nao mwaka wa thelathini na moja huu. Mtoto hajaghushi kitu. Niandikie hapo, niweke sahihi, umfungulie."

Ilikuwa rahisi mno. Batuli alitoa karatasi ya maelezo, akamwomba kitambulisho. Mzee aliingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki wenye kila kitu chake cha serikali: kitambulisho cha taifa, kadi ya kura, risiti ya kodi ya jengo, na katikati yake kadi moja ngumu, mpya kuliko nyingine. Batuli aliichomoa. Ilikuwa kadi ya chanjo ya UVIKO. Jina Andendekisye, tarehe ya mwezi wa kumi, mwaka uliotangulia barua.

Alirudisha kalamu kwenye karatasi, ila hakuandika.

"Mzee, hii ni ya nini?"

"Hiyo ya sindano. Tulichomwa wote, pale uani kanisani. Mimi ndiye niliyeandika majina, mia moja na kumi na wawili."

"Kanisa likaruhusu?"

"Likataze kwa nini? Sindano ni ya hospitali."

"Na barua hii inasema kanisa haliruhusu kuchanjwa."

"Haliruhusu. Hata leo."

Batuli alimtazama. Kwa kazi yake alikuwa ameshaona waongo wa kila namna, wanaotokwa jasho na wasiotokwa, lakini hajaona mtu akaweka uongo na ushahidi wa kumfunga katika mfuko mmoja, kisha akakukabidhi. Mwezi wa kumi mzee kachanjwa mwenyewe. Mwezi wa kwanza anaandika kwamba dini inakataza. Wakili yeyote wa serikali angeziweka karatasi hizi mbili pamoja, na badala ya kumtoa Pendo angemwingiza baba yake pia. Akamwambia hivyo, kwa upole, na kwamba ni vizuri aseme ukweli sasa.

Mzee hakukasirika. Alimwonea huruma, kama mtu mzima anavyomwonea huruma mtoto aliyesoma sana akapitiliza. Alifungua vifungo viwili vya shati lake, akaishusha nguo begani. Juu ya ziwa la kushoto palikuwa na mistari miwili mifupi ya makovu, meusi, sambamba.

"Mimi nilichanjwa nina miaka sita," alisema. "Mganga wa kwa mjomba. Wembe, na dawa nyeusi ikapakwa ndani. Nilipookoka niliapa, watoto wangu hakuna atakayechanjwa. Na kanisani kwetu ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa mtu kabla ya ubatizo. Sasa wewe unaniuliza habari ya sindano."

Upepo ulipita kwenye pareto. Batuli aliuliza, polepole sana, ni nini hasa ambacho Esnath alimwambia.

Mzee alisema Esnath aliandika kwenye simu. Simu alikuwa ameizima tangu walipozika, kwa sababu ujumbe wa mwisho mle ndani ulikuwa wa marehemu, na hakutaka mwingine uje juu yake. Aliitoa kwenye mfuko wa koti, akamkabidhi Batuli aiwashe mwenyewe. Ilichukua muda. Ujumbe ulikuwepo, wa mwezi wa kwanza:

Shikamoo baba. Hapa kazini tajiri anasema lazima wapishi wote tuchanjwe ndo biashara iendelee. Asiyechanjwa anafukuzwa. Mimi na Pendo tufanyeje? Dini yetu inaruhusu?

"Unaona," alisema mzee. "Nikasema, huyu ni tajiri gani, anachanja wapishi? Huyo anatafuta damu ya watoto wangu aweke kwenye dawa ya mali yake. Mambo hayo tunayajua sisi. Sikulala. Asubuhi nikaandika, nikateremka mwenyewe mpaka stendi, nikampa kondakta mkononi."

Batuli aliusoma ujumbe mara ya pili, akaufuata neno kwa neno kwa jicho la mtu wa mlimani. Hapakuwa na neno hospitali. Hapakuwa na sindano, wala UVIKO, wala corona. Mjini watu walisema kuchanjwa, wakamaliza, kila mtu akaelewa. Huku juu waliochomwa walichomwa sindano, na waliochanjwa ni wa mganga.

Alifunga kalamu. Angeweza kuandika mstari mmoja tu, kwamba mwandiko na muhuri ni vya katibu, akaondoka na ukungu. Lakini mstari huo mmoja ungefika Iringa na kadi ya mwezi wa kumi ingefika nao, maana ilikuwa imeshaonekana, na yeye hakuwa mtu wa kuficha kielelezo. Pendo alihitaji neno "wembe" litoke kinywani mwa baba yake, liandikwe, lisainiwe. Na mzee hawezi kueleza alichomaanisha bila kwanza kujua wengine walielewa nini.

"Mzee," alisema. "Tajiri wa kule si wa waganga. Ni kampuni ya barabara. Walichotaka ni kadi kama hii yako."

Mzee aliitazama kadi.

"Kama hii?"

"Hii hii. Siku hizi wanaiita kuchanjwa."

Mikono ya mzee ilirudi kwenye viazi, ikachukua kimoja cha mbegu, ikakiweka kwenye vya kula.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa ananiuliza habari ya sindano."

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nikamkataza."

Mzee akauliza kama Esnath alikuwa anaogopa, pengine hata asingekwenda. Batuli alitamani kusema ndiyo. Alisema alikuwa ameandikisha jina, aende Jumanne.

"Barua ilifika lini?"

"Jumatatu."

Mzee alihesabu kwa vidole, kama anayetafuta siku moja ilipopotelea. Kisha akauliza swali ambalo Batuli alilijua tangu simu ilipowaka. Aliuliza, angechomwa, angepona?

"Sijui," alisema Batuli. "Hakuna anayejua, mzee wangu. Wapo waliochomwa wakafa, na wapo ambao hawakuchomwa tunakaa nao. Daktari mwenyewe ukimwuliza hawezi kukuapia."

"Lakini angechomwa."

"Angechomwa."

Aliinua mkono kama anayesema inatosha. Baada ya muda alisema waandike, mtoto yuko ndani. Batuli aliandika, naye akatamka kwa sauti ya katibu anayesoma mbele ya kikao, bila kurudia neno: kwamba barua ni yake, kwamba Pendo hakuiona mpaka ilipofika, kwamba kwa kuchanjwa yeye alikusudia kuchanjwa na mganga, na kwamba habari ya chanjo ya hospitali hakuulizwa, au aliulizwa hakuelewa. Hapo alisimama. Akamwambia Batuli afute "hakuulizwa," abakishe "hakuelewa." Akasaini. Herufi zilikuwa zile zile, zimelala kulia.

Batuli alipanda kwenye tuta ambako mtandao ulishika, akampigia Gideoni, akamsomea yote. Gideoni alisema Pendo atoke leo hii kwa dhamana ya yule mama jirani au ya mtu yeyote mwenye akili, na Jumatatu faili lake lifungwe, abaki Iqbal na mashine yake. Kuhusu geti la kambi alisema hilo si la polisi. Bushiri na wenzake watajua wenyewe.

Aliporudi, mzee alikuwa bado na barua, na alikuwa ameitoa kwenye mfuko wake wa nailoni. Alikuwa ameiweka juu ya Biblia, imenyooshwa vizuri, na kalamu yake ya bluu ilikuwa mkononi, imefunguliwa. Batuli aliharakisha.

"Mzee, usiandike kitu hapo. Hicho ni kielelezo, hakiguswi."

"Sifuti," alisema. "Naongeza maneno mawili tu. Kwa wembe."

"Haiwezekani, mzee."

"Kuchanjwa kwa wembe. Ndiyo itakavyosomeka." Alimgeuzia karatasi aione, akaweka ncha ya kidole mwisho wa mstari, mahali neno lilipoishia na ukingo wa karatasi haujafika. "Tazama hapa, mwanangu. Nafasi ipo."